Mlango wa Manjano

Fundi wa mabango tuliyekuwa naye soko la Nuu, Ukambani, hakuwa mtu wa damu. Mwenye kibanda cha video alipomletea kazi ya kutangaza filamu ya kutisha, kwanza aliupaka ubao mzima rangi nyeusi, akauanika juani, kisha akaketi kuutazama. Sisi watoto tulimzunguka tukingoja fuvu, meno, panga. Akachora mlango. Mlango mtupu, umeachwa wazi kiasi cha kupitisha mkono, na katika mwanya ule mfuo mwembamba wa manjano. Chini yake jina la filamu na saa ya onyesho, basi.

Manjano yale ndiyo yaliyonishinda kusahau. Hakuyatoa hivi hivi mkebeni. Alitia tone la kijani, akakoroga kwa kijiti, akajaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, akaongeza tone jingine. Mwanga wa koroboi nyumbani ulikuwa na joto, ukiuona unajua mama yupo. Huu ulikuwa mwanga wa nyumba isiyo na mtu, na bado taa imewashwa na mtu. Kisha, pembeni mwa mlango, akaacha sehemu ndogo ambayo brashi haikuifunika sawasawa, weusi wa chini ukachungulia. Kila aliyepita alisimama hapo akijiuliza kama ni kidole. Wazee waliokuwa wakienda kupima ndengu walisimama pia.

Bango la kutisha linafanya kazi kwa kile linachokunyima. Bill Gold alilijua hilo alipotengeneza bango la The Exorcist mwaka 1973: mwanamume mwenye kofia na mkoba, amesimama chini ya taa ya barabarani, mwanga wa dirisha ukimwangukia. Shetani haonekani popote. Roger Kastel naye, kwenye Jaws, alimpa papa nafasi kubwa kabisa, lakini hofu yote aliiweka kwa yule mwogeleaji mdogo juu ya maji, asiyejua kitu. Sidhani fundi wetu aliwahi kuyaona mabango hayo. Walikuwa ukoo mmoja hata hivyo.

Wachoraji wa Ghana walishika njia nyingine. Tangu miaka ya 1980, sinema za kuhamahama zilipozunguka vijijini na jenereta, walichora kwenye magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja: nyoka, vichwa vilivyokatwa, macho yaliyotumbuka. Mara nyingi hawakuwa wameiona filamu yenyewe. Mimi nauchagua mlango wa Nuu, lakini nawavulia kofia, kwa sababu kila nyoka pale alipitia mkononi mwa mtu aliyefikiri mkia wake uishie wapi.

Siku hizi picha inaunganishwa kwenye simu kabla chai haijapoa. Sura sita, moto, radi, damu kwenye kila herufi, na mwezi juu. Hakuna aliyejiuliza jicho la mpita njia litue wapi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Dar es Salaam ilipoanza kutoa filamu za mizimu na majini ya kwetu katika miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, mikono ya kuzichorea mabango yanayozistahili ilikuwa inawekwa kando tayari. Hofu yetu wenyewe ilifika, mafundi wakiwa wanaondoka.

Magunia ya Ghana yametundikwa kwenye majumba ya sanaa Marekani, na tangu mwaka 2000 yana kitabu chake, Extreme Canvas cha Ernie Wolfe. Mbao za masoko ya Ukambani ziling'olewa misumari zikawa milango ya mabanda ya kuku, nyingine zikapakwa rangi za kampuni za simu. Kama yupo mtu Nuu, Mui au Zombe aliyebaki na ubao mmoja nyuma ya duka, namsihi asiupake tena. Aufute vumbi, autoe nje mchana, aupige picha.