Mkojo, Mkataba na Saa 44: Jinsi Besiboli ya Marekani Ilivyosaka Steroidi

Mwaka 2003, kwa mara ya kwanza, wachezaji wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani walitoa mkojo upimwe steroidi. Vipimo 1,438 vilifanyika msimu huo, na kati ya asilimia 5 na 7 vilikutwa na dawa. Hakuna mchezaji aliyefungiwa, aliyetozwa faini wala aliyetangazwa jina. Maabara haikufanya uzembe. Mpango wenyewe uliandikwa hivyo tangu mwanzo.

Chanzo chake kiko kwenye meza ya mazungumzo. Kamishna Fay Vincent alituma waraka mwaka 1991 akisema steroidi ni marufuku, lakini waraka ule haukuambatana na kipimo chochote. Kumpima mchezaji ni suala la ajira, na masuala ya ajira katika ligi kuu hayaamuliwi na upande mmoja. Lazima chama cha wachezaji kikubali. Mwaka 2001 ligi ilianza kuwapima wachezaji wa ligi ndogo, ambao chama hakikuwawakilisha, bila kuomba ridhaa ya mtu. Wale wa ligi kuu hawakuguswa, na ndio mwaka ambao Barry Bonds alifikisha homurani 73 katika msimu mmoja, yaani mara 73 alipiga mpira ukavuka uzio wa uwanja. Rekodi ya 61 iliyowekwa na Roger Maris mwaka 1961 ilikuwa imedumu miaka 37 kabla ya Mark McGwire kuivunja mwaka 1998.

Mwaka 2002 Ken Caminiti, aliyekuwa mchezaji bora wa National League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, mwaka 1996, alikiri hadharani kwamba alitumia steroidi msimu ule alioshinda tuzo. Agosti mwaka huohuo, mgomo ukiwa mlangoni, wamiliki wa timu na chama walitia saini mkataba mpya wa ajira. Ndani yake kulikuwa na maafikiano ya ajabu: msimu wa 2003 watu wapimwe bila majina na bila adhabu. Matokeo yakizidi asilimia 5, upimaji wa lazima uanze 2004.

Kizingiti hicho kilizaa hesabu ambazo waandishi wake hawakuzitarajia. Wakati wa mazoezi ya kabla ya msimu wa 2003, wachezaji kadhaa wa Chicago White Sox walifikiria kugoma kupimwa. Hawakuwa wakificha kitu. Kwa kanuni, anayekataa kupimwa alihesabiwa kuwa amekutwa na dawa, nao walitaka kuisukuma asilimia ipande ili upimaji wa kweli uanze. Chama kiliwatuliza. Kwangu mimi, hapo ndipo sera ile inapojionyesha ilivyokuwa: mchezaji msafi alilazimika kufikiria kujiandikisha miongoni mwa wachafu ili alindwe.

Msimu wa 2004 adhabu zilikuja kwa jina tu. Kosa la kwanza lilimpeleka mchezaji kwenye matibabu, kimyakimya. Tena kila mchezaji alipimwa mara moja kwa msimu. Aliyekwisha kutoa mkojo mapema alijua hana wa kumsumbua hadi Oktoba. Ilibidi Bunge la Marekani liwaite wachezaji na viongozi Machi 2005 ndipo mambo yakaze. Mwaka 2005 ulianza na adhabu ya kufungiwa kucheza siku 10 kwa kosa la kwanza, na ukaisha kwa makubaliano ya mechi 50, kisha 100, kisha maisha. Tangu 2014 ni mechi 80, kisha msimu mzima wa 162, kisha maisha.

Lakini turudi kwenye ile siri ya 2003, maana iliwagharimu wachezaji kuliko adhabu yoyote. Usiri ulijengwa kwa kuzitenganisha kumbukumbu. Maabara ya Quest mjini Las Vegas ilikuwa na chupa na namba za siri. Kampuni ya Comprehensive Drug Testing huko Long Beach, California, ilikuwa na orodha ya kuunganisha namba na majina. Upande mmoja pekee haukuweza kumtaja mtu. Vyote vilitakiwa kuteketezwa matokeo yakishakamilika. Matokeo yalitangazwa katikati ya Novemba 2003, na siku chache baadaye chama kikapata habari kwamba hati ya mahakama imetolewa kudai kumbukumbu hizo. Kuanzia hapo kuziteketeza kungekuwa kosa la jinai.

Aprili 2004 maofisa wa serikali waliokuwa wakichunguza BALCO, kampuni iliyodaiwa kuwapa wanamichezo steroidi, waliingia sehemu zote mbili. Kibali chao kilihusu wachezaji 10. Waliondoka na jedwali la kompyuta lenye majina 104. Mahakama ya rufaa baadaye ilisema serikali ilivuka mipaka, lakini mwaka 2009 jina la mchezaji Alex Rodriguez lilikuwa limeshavuja, na mengine yakafuata. Baya zaidi, si kila aliyekuwamo katika orodha ile alikuwa amethibitika. Ligi na chama wenyewe walikuja kueleza kwamba baadhi ya matokeo yalikuwa na utata ambao hakuna aliyeona haja ya kuumaliza, kwa kuwa hakukuwa na adhabu. Watu waliahidiwa siri, wakahukumiwa kwa orodha isiyokamilika.

Kemia ya kazi hii, kwa upande wake, si dhaifu hata kidogo. Mwili wa binadamu hutoa testosteroni na homoni nyingine iitwayo epitestosteroni kwa viwango vinavyokaribiana. Anayejidunga testosteroni huongeza ya kwanza peke yake, na uwiano ukizidi 4 kwa 1 maabara hushtuka. Kisha huja kipimo cha isotopu za kaboni. Testosteroni ya kiwandani hutengenezwa kutokana na mimea kama soya, na kaboni yake ina kiasi kidogo zaidi cha isotopu nzito ya 13 kuliko ile ya mwili unaolishwa vyakula mchanganyiko. Kipimo hicho hutambua kama homoni imetoka mwilini au kiwandani.

Oktoba 2011 mkojo wa Ryan Braun wa Milwaukee Brewers, ambaye mwaka huo alikuwa mchezaji bora wa National League, uliripotiwa kuwa na uwiano unaopita 20 kwa 1. Ulichukuliwa siku ya Jumamosi, baada ya mechi ya mtoano. Mkusanyaji aliona hakuna mzigo utakaosafirishwa hadi Jumatatu, akaenda na sampuli nyumbani. Ilikaa huko takriban saa 44, lakiri zake zikiwa salama, kabla ya kutumwa maabara ya Montreal. Mkataba ulisema isafirishwe siku ileile isipokuwa kukiwa na hali isiyo ya kawaida. Februari 2012 msuluhishi Shyam Das aliifuta kesi. Mwaka uliofuata Braun alikubali kifungo cha mechi 65, akakiri kwamba mwaka 2011 alitumia dawa zilizokatazwa. Maabara ilikuwa sahihi. Kesi ilianguka kwenye usafirishaji.

Braun alinaswa mara ya pili kwa karatasi. Januari 2013 gazeti la Miami New Times lilichapisha kumbukumbu za kliniki ya Biogenesis ya Florida, ambako Anthony Bosch aliwauzia wachezaji homoni. Agosti 5 wachezaji 12 walifungiwa mechi 50 kila mmoja. Rodriguez alipewa 211, zikapunguzwa hadi 162. Wengi wao walikuwa wamepita kwenye vipimo salama, kwa kuwa dozi ndogo ya testosteroni hutoweka mwilini haraka. Ligi nayo imepanua upimaji wa damu kwa homoni ya ukuaji, na sasa huhifadhi viwango vya kawaida vya kila mchezaji ili kulinganisha.

Mkimbiaji wa Iten, Kenya, atashangaa akisoma haya. Yeye, akiwa kwenye orodha ya upimaji ya kimataifa, hutaja kipindi cha dakika 60 cha kila siku na mahali atakapopatikana. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, ana kosa. Akikutwa na steroidi, adhabu ya kawaida ni miaka 4. Mchezaji wa besiboli hukosa nusu ya msimu. Sheria ya mkimbiaji imetungwa na chombo kilicho nje ya ajira yake, ilhali ya mchezaji wa besiboli ni kifungu ndani ya mkataba wa kazi.

Na mkataba huisha. Desemba 2021 mkataba wa besiboli ulipomaliza muda wake, wamiliki waliwafungia wachezaji milango, na upimaji wa steroidi ukasimama kwa mara ya kwanza katika takriban miaka 20. Ulirejea baada ya makubaliano ya Machi 10, 2022. Kwa siku 99, ligi yenye maabara bora za dunia haikuwa na haki ya kumwomba mchezaji wake hata tone moja la mkojo.