Pete na Ringi

Pete na ringi ni maneno mawili ya vitu vinavyozunguka na kurudi vilipoanzia. Pete ni neno la Kibantu. Waganda huiita empeta. Ringi limetoka kwa Kiingereza, likaingia gereji na mahali pa ujenzi.

Pete imekaa na mapambo na maagano. Kuna pete ya uchumba na pete ya ndoa, na marafiki wasioachana huitwa chanda na pete. Kutoka kidoleni neno limepaa hadi mbinguni, kwenye pete za Zohali, na hadi kwenye bendera yenye pete tano za Olimpiki.

Ringi imebeba kazi. Kwa makanika, ringi huvishwa pistoni ili mgandamizo usivuje na oili isipande. Kwa fundi wa ujenzi, ringi ni chuma chembamba kinachofunga vyuma vinene vya nguzo. Hapo neno limeacha hata umbo lake, kwani ringi ya nguzo kwa kawaida ina pembe nne.

Katika Eldoret nchini Kenya, iliyopata hadhi ya jiji mwaka 2024, maghorofa huinuka kwa kazi ya mkunja ringi. Vifaa vyake ni vichache: ubao uliopigiliwa vishikizo vya chuma, na wenzo wa kukunjia. Nguzo ya milimita 200 kila upande huhitaji ringi ya 150, ili zege lifunike chuma kwa milimita 25 pande zote na kukikinga na kutu. Ncha mbili hukunjwa kwa ndani kama ndoana, zishike zege na ringi isifunguke. Ustadi wake ni kufananisha: ringi ya mia ilingane na ya kwanza. Moja ikipinda, vyuma havinyooki; zikiachana mno, vyuma hubetuka nje nguzo inapolemewa.

Kazi hii hukaguliwa kabla ya zege kumiminwa, kwa sababu baadaye haionekani tena. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Nguzo huvikwa ringi kwanza, ndipo iwe njema.