Kuwasifu Wanaoandika Giza

Mwaka 1872 mwandishi wa Ireland, Sheridan Le Fanu, alitoa kitabuni hadithi ya Carmilla, binti anayefika katika kasri moja la Austria baada ya gari lake la farasi kupata ajali, akakaribishwa, akakaa. Mwenyeji wake ni msichana mpweke aitwaye Laura, na baina yao panazuka mapenzi ambayo Le Fanu anayaandika kwa uzuri wa kutia hofu. Mikono inashikwa, mashavu yanawaka, maneno yanasemwa sikioni. Kisha tunaambiwa kwamba mgeni ni mnyonya damu. Anafukuliwa, anachomwa mti kifuani, anakatwa kichwa, maiti yake inatiwa moto. Dracula alikuja miaka 25 baadaye, na sifa karibu zote akazichukua yeye.

Kwa zaidi ya karne moja hadithi za kutisha zilifuata nyayo hizo. Mwanamke anayempenda mwanamke, au mwanamume anayempenda mwanamume, aliingia kitabuni kama dalili ya balaa na akatoka akiwa maiti. Mapenzi yake ndiyo yaliyokuwa kitisho chenyewe. Katika miaka hii kumi na ushei limetokea jambo ambalo mimi, msomaji wa siku nyingi wa hadithi za giza, nalihesabu miongoni mwa mafanikio makubwa ya uandishi wa zama zetu: waandishi wameyatenganisha mapenzi hayo na kitisho. Wamewapa wapenzi hawa nyumba, jiko, kodi ya kulipa na mashemeji wasumbufu. Mapenzi yao yamekuwa jambo la kawaida ndani ya kitabu, na giza limepata nafasi ya kufanya kazi yake halisi, yaani kusimulia kifo, ukatili, mwili unaogeuka, na mtu uliyemjua vizuri ambaye asubuhi moja humjui tena.

Kilicho bora kuliko vyote nilivyosoma ni Our Wives Under the Sea, riwaya ya Mwingereza Julia Armfield iliyotoka mwaka 2022. Leah ni mtaalamu wa viumbe vya bahari. Aliaga nyumbani kwa safari ya nyambizi ya wiki tatu, akarudi baada ya miezi sita. Mkewe, Miri, ndiye anayetusimulia kurudi huko. Leah anajifungia bafuni saa nyingi, mabomba yakiwa wazi. Anakunywa maji yaliyotiwa chumvi. Ngozi yake inaanza kubadilika. Miri anapiga simu kwa Kituo kilichompeleka mkewe baharini, anaambiwa asubiri, anasubiri, simu inakatika, anapiga tena.

Ufundi wa Armfield umo katika simu hiyo. Mwandishi mwenye haraka angekwisha kutuonyesha zimwi. Yeye anabaki na Miri na ile simu, pamoja na majirani wa juu wasiozima televisheni, na marafiki wanaouliza hali kisha wasisubiri jibu. Aliyewahi kuuguza anaielewa hali hii. Ugonjwa wenyewe ni mkubwa mno, akili haiushiki. Inachoweza kukishika ni foleni, fomu, na sauti ya mpokea simu asiyejua lolote. Kwa hiyo hofu inakuja kidogokidogo kupitia mambo ambayo hayatishi hata kidogo, na inapofika mbele yako unakuta umekwisha kuikaribisha ndani.

Riwaya imegawanywa sehemu tano, kila moja ikibeba jina la tabaka la bahari. Mwanga wa jua unapenya vizuri kiasi cha mita 200 tu. Chini yake kuna utusitusi hadi mita 1,000, halafu giza la usiku wa manane, halafu kilindi, na mwisho mahandaki yanayoanzia kiasi cha mita 6,000. Sura za Miri na za Leah zinapokezana. Leah anatusimulia jinsi nyambizi yao ilivyozimika na kuendelea kushuka. Miri anatusimulia maisha ya sebuleni. Kadiri mmoja anavyozama baharini, ndivyo mwenzake anavyozama nchi kavu, na hakuna anayesimama kutueleza kwamba mambo haya mawili yanafanana. Mpangilio wa kitabu umeifanya kazi hiyo, na maneno yangeiharibu.

Msomaji wa pwani yetu ataielewa hadithi hii kwa haraka kuliko wengi. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na ziko familia ambazo hazikupata maiti ya kuzika. Msiba usio na kaburi ni mzito wa namna yake. Mtu hajui lini aanze kukaa eda, wala lini aache kutazama mlango. Miri anaye mkewe nyumbani, anamhudumia, anamgusa, na bado yumo katika msiba wa aina hiyo. Mwisho wa riwaya sitausema. Nasema tu kwamba Armfield hakumwadhibu yeyote kwa kupenda, na hakumwokoa yeyote kwa hila.

Carmen Maria Machado wa Marekani ana kipaji cha aina nyingine kabisa. Armfield ni mtulivu. Machado anacheza na umbo la hadithi kama fundi asiyetaka kutumia kifaa kimoja mara mbili. Mkusanyiko wake wa hadithi fupi, Her Body and Other Parties, ulitoka mwaka 2017 na kufika fainali ya Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya nchi hiyo. Hadithi ya kwanza inamhusu mwanamke mwenye utepe wa kijani shingoni, ambaye mumewe amepewa kila kitu isipokuwa ruhusa ya kuugusa utepe huo. Kilichonishika hapo ni jinsi msimulizi anavyokatiza hadithi na kumwelekeza atakayeisoma kwa sauti: sauti ya fulani iwe hivi, hapa ufanye vile. Sisi tuliokulia katika paukwa na pakawa tunaijua hadithi inayotaka midomo na masikio ya watu, na nilifurahi mno kuikuta ikiishi ndani ya kitabu cha Kimarekani cha karne hii. Katika hadithi nyingine ya mkusanyiko huo mwanamke anaorodhesha watu wote aliolala nao, wanaume kwa wanawake, huku maradhi ya kuambukiza yakienea nchini. Mwanzoni unadhani unasoma orodha ya mapenzi. Polepole unatambua kwamba unasoma habari za dunia inayobaki bila watu.

Miaka miwili baadaye Machado alitoa In the Dream House. Hii ni kumbukumbu ya maisha yake, si riwaya, lakini siwezi kuiacha nje kwa sababu hakuna kitabu kilichoonyesha vizuri zaidi kazi ya hadithi za giza. Anasimulia uhusiano wake na mwanamke aliyemtesa kwa maneno, kwa vitisho, kwa wivu usio na mwisho. Kila sura fupi imevikwa vazi la aina fulani ya hadithi: hapa ya nyumba yenye mizuka, pale ya upelelezi, kwingine ngano ya kale. Chini ya kurasa ameweka tanbihi zinazorejelea faharasa kubwa ya visa vya ngano iliyokusanywa na Stith Thompson, hivyo tukio la jikoni mwake linasimama ubavuni mwa visa vya miiko iliyovunjwa tangu enzi na enzi. Ipo sura inayomtaka msomaji achague mwenyewe ukurasa wa kuendea. Unachagua kuomba radhi, unachagua kunyamaza, na kila njia inakurudisha kwenye mateso yaleyale. Nilipoisoma sura hiyo nilielewa jambo ambalo semina nyingi kuhusu ukatili wa nyumbani hazikunielewesha: kwa nini anayeteswa haondoki.

Ulihitajika ujasiri kuiandika. Watu wanaosemwa vibaya na jamii hutamani wasemwe vizuri vitabuni, nao wana haki. Machado aliona kwamba kuficha ukatili wa mwanamke mmoja ili kulinda jina la wote ni kumwacha anayeteswa bila shahidi. Kwangu mimi hapo ndipo fani hii ilipokomaa. Watu wa mapenzi ya jinsia moja wamepewa vitabuni haki ya kuwa wema na haki ya kuwa waovu, kama binadamu wengine.

Afrika haikuwa mtazamaji katika haya. Akwaeke Emezi, aliyezaliwa Umuahia na kukulia Aba nchini Nigeria, alitoa Freshwater mwaka 2018, riwaya inayosimuliwa kwa sehemu kubwa na roho zinazokaa ndani ya Ada, zikisema "sisi". Emezi anaziandika kwa mujibu wa imani ya Waigbo kuhusu ogbanje, mtoto wa rohoni anayezaliwa ili afe, na hakuna mahali anapomwomba msomaji wa Ulaya aone kwamba ni mfano tu. Roho ni roho. Mwaka 2020 ikafuata The Death of Vivek Oji, ambayo jina lake limekwisha kutuambia kwamba mhusika anakufa. Taharuki ya kutojua kama ataishi imetupwa tangu jaladani, na mwandishi anatuongoza kwa swali gumu zaidi, yaani nani kati ya hawa waliompenda alimjua. Mama yake, Kavita, anabisha milango ya marafiki wa mwanawe akitafuta ukweli, na marafiki wanaujua, na wananyamaza kwa huruma. Sijasoma picha ya mama mfiwa inayouma kuliko hiyo.

Si kila kitabu cha wimbi hili kinastahili sifa. Things Have Gotten Worse Since We Last Spoke ya Eric LaRocca, ya mwaka 2021, ilivuma sana. Inaanza vizuri kwa mawasiliano ya kompyuta ya wanawake wawili wapweke, na upweke wao ni wa kweli. Baadaye mwili unaharibiwa kwa namna za kuchefua, na roho za wanawake hao zinaachwa nyuma. Damu ni rahisi kuandika. Mariana Enriquez wa Argentina anayo damu nyingi kuliko LaRocca katika Nuestra parte de noche, riwaya nene iliyopata Tuzo ya Herralde mwaka 2019, lakini kila tone lina mwenyewe. Juan, anayependa wanawake na wanaume, anasafiri na mwanawe mdogo kwa gari mwaka 1981, wakati watu wanachukuliwa na wanajeshi na kutoweka. Familia tajiri inayoabudu Giza na dola inayokula raia wake vimekaa jirani humo, na unapokifunga kitabu hujui kipi kilikutisha zaidi.

Najua wako wasomaji wa Kiswahili watakaosema mambo haya si yetu. Nawajibu kwa heshima kwamba kalamu za kwetu zimekuwamo siku nyingi. Mganda Monica Arac de Nyeko alipata Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi ya wasichana wawili wanaopendana. Januari 2014 Binyavanga Wainaina wa Kenya aliandika jinsi ambavyo angekuwa amemweleza mama yake, kitandani anapokata roho, kwamba yeye ni shoga, ingawa mama alikwisha kufariki mwaka 2000 bila kuambiwa. Hiyo nayo naihesabu kuwa fasihi ya giza, kwa sababu mtoto amejijengea chumba cha mauti ili apate kusema. Na mwaka 2022 Mkenya mwingine, Okwiri Oduor, alitoa Things They Lost, riwaya ya Ayosa, mtoto aliyeachwa peke yake katika jumba kubwa mjini Mapeli, mama akija na kuondoka apendavyo, huku mizuka ikimtaka. Anayemwokoa Ayosa na upweke ni msichana mwenzake, Mbiu. Urafiki wao ni mzito, na Oduor anauacha bila kuupa jina. Naheshimu uamuzi huo.

Lugha yetu inaliweza giza. Aliyesoma Nagona na Mzingile za Kezilahabi, za mwaka 1990 na 1991, au Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, hana shaka juu ya hilo. Tunao mizimu, tunao majini wanaooa na kuolewa, tunayo bahari. Kinachotakiwa ni mfasiri mwenye sikio na mchapishaji mwenye moyo. Ningefurahi kama wangeanza na Armfield, kwa kuwa maji, chumvi na kungoja havihitaji tanbihi kwa mtu wa Tanga, Lamu au Wete. Nawe msomaji, wakati tukiwangoja, ukipata nafasi ya kitabu kimoja tu, soma hicho cha Armfield. Kisome taratibu, sura moja kwa usiku mmoja, na kama una mtu uliyemuuguza, jiandae.