Hela ya Kuangalia

Nilipompigia simu fundi bomba aliyeelekezwa kwangu na jirani, nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza kuhusu bili yangu ya maji, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna fundi mwingine aliyewahi kuniuliza: "Bili ilianza kupanda mwezi gani, mwanangu?" Nikamwambia Julai. Akataka kujua kama maji ya kwetu hutoka mchana au usiku. Mwisho akasema hela ya kuja kuangalia ni shilingi 15,000, iwe ametengeneza au hajatengeneza, na kwamba atakuja usiku, maji yakiwa kwenye bomba.

Nilisita. Wiki moja nyuma alikuwa amekuja kijana ambaye kuangalia kwake kulikuwa bure. Alipita jikoni, akagonga sakafu kwa kisigino, akasema bomba limepasuka chini ya marumaru, kwa hiyo jikoni na korido nzima ivunjwe. Akaniandikia orodha ya vifaa pamoja na jina la duka la kuvinunua. Jumla ilipita laki sita, na yote hayo yalichukua dakika kumi. Nikakubali kulipa 15,000.

Mzee alifika saa nne usiku kwa bodaboda, begi begani, mkononi kipande cha nondo kisichofika mita moja. Hakufungua begi. Alianza kwa kufunga koki zote za ndani, akizigusa moja moja mwenyewe badala ya kuniuliza kama zimefungwa. Akapanda kwenye simtanki, akalinyanyua boya kwa kidole mpaka maji yakakatika, akaridhika nalo. Ndipo akaenda kwenye mita, akafuta vumbi kwenye kioo na kuchuchumaa.

Pembeni ya tarakimu za mita kuna kigurudumu kidogo chenye meno kama nyota. Tarakimu huhesabu uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Kigurudumu chenyewe huhisi hata maji membamba kama uzi. Kilikuwa kinazunguka polepole, bila kusimama. Mzee alikitazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu, kisha akainuka, akafunga koki ya ukutani pale bomba linapoingia nyumbani, akafunga na ile inayopeleka maji kwenye simtanki, akarudi kuchuchumaa. Kigurudumu kiliendelea kuzunguka.

"Sakafu yako ni nzima," alisema. "Usiiguse."

Hesabu yake ni nyepesi ukishaelezwa. Ikiwa njia ya nyumbani na ya tanki zimefungwa, na bado mita inahesabu, basi maji yanapotelea kabla hayajafika kwenye koki hizo, yaani uani. Lakini uelewa huo haukuwepo nyumbani kwangu mpaka alipokuja mtu mwenye subira ya kufunga, kutazama, kufunga tena na kutazama tena.

Kutoka mita hadi ukutani ni kama hatua ishirini za udongo mwekundu, na katikati pamesimama mwarobaini. Mimi ningechimba pale pale, kwa kuwa mizizi hufuata unyevu. Yeye hakukimbilia mti. Alitembea na tochi, akigusa ardhi kwa mgongo wa kiganja. Kisha akaniomba nizime redio, akasimika nondo ardhini na kuweka sikio kwenye ncha ya juu. Hatua moja, akasimika tena. Chuma hupitisha sauti vizuri kuliko udongo, na maji yanayotoka kwa nguvu kwenye ufa mdogo hupiga mluzi ambao sikio peke yake haliwezi kuupata kutoka chini. Alipita mwarobaini. Hatua nne mbele akasimama, akarudi moja, akasikiliza, akaniita. Nikaweka sikio. Sauti ilikuwa kama ya uwele unaopepetwa nyumba ya tatu.

Asubuhi lilichimbwa shimo moja, si pana kuliko karai. Soketi ya bomba la plastiki ilikuwa inatoa jasho upande mmoja. Shimo likarefushwa kidogo ili bomba lipate kuinuka, mzee akakata kile kipande kibovu, akakipasua na kunionesha ndani. Plastiki ilikuwa imeshika nusu tu ya mzingo. Upande wa pili iliacha njia nyembamba iliyojipinda.

Hapo akanifundisha jambo ambalo naamini kila mwenye nyumba anastahili kulijua. Mabomba haya ya kuchomelea huunganishwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260. Bomba la milimita 20 hukaa kwenye joto kwa sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7. Ukiwahi kulitoa, halishiki. Ukichelewa, plastiki hutiririka ndani na kuziba njia ya maji. Ukilizungusha wakati wa kulisukuma, unatengeneza njia ya kuvuja isiyoonekana, ambayo huenda ikasubiri miaka kabla ya kufunguka. Aliyeunganisha bomba langu alizungusha mkono.

Nilimtazama akifanya yeye. Alikata bomba likanyooka, akalifuta kwa kitambaa kikavu, akaweka alama ya penseli pale linapopaswa kuishia ndani ya soketi. Midomo ikahesabu bila sauti mpaka saba. Akasukuma moja kwa moja, akashika, akatulia kama mtu anayepimwa presha. Nilipochukua chepeo nifukie, alinizuia. "Shimo halifukiwi mpaka maji yapite." Lilikaa wazi usiku kucha. Maji yakaja, yakapita, kigurudumu cha mita kikasimama. Siku ya pili tukafukia.

Nilimlipa 15,000 za kuangalia, 40,000 za ufundi, na vifaa vilikuwa 9,000. Bili ya mwezi uliofuata ilirudi ilipokuwa Juni.

Nimefikiria sana kwa nini kazi hii ilinigusa kiasi hiki, na sababu moja ni maji yenyewe. Sisi wa Dodoma tunaishi mahali pakavu: mvua zetu huanza Desemba na kuisha Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Kwa miongo mingi mji umekunywa kutoka visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini ya jiji. Kina cha maji ya bonde hilo kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo hivyo vimewaonesha watafiti kwamba akiba ile haijazwi na kila masika. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Maji yanayopotea uani kwako huenda ni mvua ya miaka mingi iliyopita. Chukua koki inayodondosha tone moja kila sekunde, na matone 20 yafanye mililita moja: kwa siku ni zaidi ya lita 4, kwa mwezi zaidi ya ndoo 6 za lita 20. Huo ni mvujo ambao wengi wetu hatuuiti hata mvujo.

Sababu ya pili ni mji wetu. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, nyumba zimeota Kisasa, Ilazo, Iyumbu, Nzuguni mpaka Mtumba. Bomba limezikwa ukutani, marumaru zikabandikwa juu, na aliyelizika hayupo. Fundi anayeitwa leo lazima asome kazi ya mtu asiyemjua kwa kuigusa kutoka nje. Mzee wangu alijifunza kwa kubeba begi la fundi mwingine enzi za CDA, mamlaka iliyojenga makao makuu kuanzia 1973 hadi ilipovunjwa 2017. Mafundi wa namna yake, waliojifunzia kazini, VETA huwapima na kuwapa vyeti kupitia mpango wa urasimishaji ujuzi, na ni jambo jema. Cheti humsaidia mteja kumtofautisha fundi na kishoka.

Heshima ya kuangalia si ngeni katika nyanda hizi. Nyumba ya tembe ya Wagogo ina paa bapa la miti na udongo, na paa hilo huishi kwa jicho la mwenye nyumba. Kabla ya mvua za Desemba, mtu hupanda juu, akatafuta ufa, akausiliba. Anayekosea kuangalia hulala na maji kitandani. Wazee wa nyumba hizo walijua kwamba kukarabati huanza kabla mkono haujachafuka.

Kwa hiyo nina ombi kwako msomaji. Ukimpigia fundi, kubalianeni hela ya kuangalia kabla hajapanda bodaboda, na uulize kama itakatwa kwenye ufundi endapo kazi atapewa yeye. Simama naye, mwombe akuoneshe anachokiona. Akitaka kuvunja sakafu, mwulize amejuaje. Bomba likifunuliwa, lipige picha, chora lilipopita kutoka mita hadi ukutani, na uweke mchoro huo pamoja na hati ya kiwanja, ili fundi wa miaka kumi ijayo aanzie pale wa leo alipoishia. Na akikuambia kwamba tatizo ni dogo, shimo moja tu linatosha, usimpunguzie hata mia. Mlipe yote, mkononi, na umshukuru.