Elfu Ishirini na Tano: Uhakiki wa Imla ya Tarakimu na Herufi katika Programu za Utambuzi wa Usemi

Mijadala kuhusu programu za utambuzi wa usemi wa Kiswahili huelekezwa zaidi katika wingi wa data: saa za sauti zilizokusanywa, idadi ya wazungumzaji na lahaja zilizowakilishwa. Makala haya yanahakiki suala linalopewa nafasi finyu, yaani imla ya tarakimu na ya herufi zinazotajwa mojamoja. Hoja yetu ni kwamba makosa mengi ya eneo hili hayatatatuliwa kwa kuongeza data pekee, kwa sababu chanzo chake ni kanuni za usomaji ambazo isimu ya Kiswahili haijazikamilisha.

Tuanze na tarakimu. Kirai *elfu ishirini na tano* kina maana mbili: 25,000 na 20,005. Penye nomino za ngeli nyingi, upatanisho wa kisarufi huondoa utata huo. *Watu elfu ishirini na watano* ni 20,005, kwa kuwa kiambishi *wa-* kinaifunga tano na watu. *Watu elfu ishirini na tano* ni 25,000, kwa kuwa tano inapatana na elfu. Hata hivyo, msaada huu una mipaka miwili. Kwanza, sita, saba na tisa hazichukui viambishi vya upatanisho. Pili, nomino za ngeli ya I-ZI hupatana na tarakimu sawasawa na elfu. Shilingi imo katika ngeli hiyo. Kwa hiyo fedha, ambayo ni miongoni mwa vitu vinavyohitaji usahihi mkubwa zaidi, inakosa kinga ambayo sarufi inawapa watu na vitabu. Msikilizaji hutegemea kituo cha sauti au muktadha. Programu inayogeuza maneno kuwa tarakimu hulazimika kuchagua, na ikikosea, tofauti ni shilingi 4,995.

Utata wa herufi ni wa namna nyingine. Wasemaji wengi hutaja herufi kwa majina ya Kiingereza hata wanapozungumza Kiswahili, na mifumo hii miwili inagongana katika irabu. Sauti *i* ni jina la herufi I kwa Kiswahili, lakini ni jina la herufi E kwa Kiingereza. Anayetaja jina Neema kwa mfumo wa Kiingereza anaweza kuandikiwa *Niima*, na sauti yenyewe haina dosari yoyote. Usafiri wa anga ulikwisha kukabili tatizo la aina hii: tangu 1956 umetumia orodha ya maneno kama Alfa, Bravo na Charlie kuwakilisha herufi. Kiswahili hakina orodha ya namna hiyo iliyozoeleka kwa umma.

Jambo linalohitaji kuhakikiwa zaidi ni kipimo chenyewe. Ubora wa programu hizi hutangazwa kwa kiwango cha makosa ya maneno, yaani maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, yakigawanywa kwa maneno ya matini rejelezi. Tuchukue *elfu ishirini na tano* kuwa matini rejelezi yenye maneno manne. Programu ikiandika 25,000 itahesabiwa makosa manne. Ikiandika 20,005 itahesabiwa makosa manne vilevile. Jibu linalokusudiwa na jibu potofu yanapata alama moja.

Whisper, programu iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, inadhihirisha pengo hili. Iliambatana na kanuni mbili za kusawazisha matini kabla ya kupima. Ya Kiingereza hugeuza namba zilizoandikwa kwa maneno ziwe tarakimu. Ile ya jumla, inayotumika kwa lugha nyingine, haifanyi hivyo. Tena huondoa alama za uakifishaji na kuacha nafasi mahali pake. Ritifaa, ambayo katika Kiswahili ni sehemu ya tahajia, huhesabiwa kuwa alama tu: *ng'ombe* hugeuka *ng ombe*, na jina *Ng'ang'a* huwa vipande vitatu. Kipimo kinachovunja neno kabla ya kulipima hakiwezi kutuambia kama liliandikwa sawasawa.

Katika sentensi ya kawaida, maneno jirani humsaidia msomaji kugundua kosa. Namba ya simu au jina la mgonjwa havina jirani wa kuvisahihisha. Kwa mtumiaji asiyeona, anayetegemea sauti kutuma fedha, jambo hili ni zito.

Tunapendekeza mambo matatu. Vitabu vya sarufi vielekeze kwamba 25,000 isomwe *ishirini na tano elfu* pale ambapo usahihi unahitajika. BAKITA na taasisi nyingine za lugha zikubaliane juu ya orodha ya maneno ya kutajia herufi. Mwisho, tarakimu na tahajia zipimwe peke yake, kwa thamani iliyokusudiwa na msemaji. Pasipo hatua hizo, programu inaweza kutangazwa kuwa inakijua Kiswahili ilhali haijapimwa kama inaweza kuandika kiasi cha fedha.