Sauti Isiyoimbika: Kundi la Duma, Inanga ya Mnong'ono na Mipaka ya Uhakiki Wetu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki safari na utunzi wa Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2020. Usikilizaji umefanyika Kinanira, Bujumbura, na mahali hapo pamebadili maswali ya uhakiki. Inadaiwa humu kwamba ukelele wa Duma unaeleweka vyema zaidi ukiwekwa karibu na inanga ya mnong'ono ya Burundi kuliko ukiwekwa karibu na Norwei. Inadaiwa pia kwamba kigezo cha "ujumbe", ambacho wahakiki na watoaji vibali wanakitegemea kwa pamoja, hakiwezi kupima muziki ambao maneno yake hayakukusudiwa kusikika yote.

1. Utangulizi

Kinanira ni mtaa wa makazi upande wa kusini wa Bujumbura. Umeme ukikatika jioni, sauti za mtaa hujitenga moja moja: jenereta ya mbali, kwaya inayofanya mazoezi, redio ya betri. Katika jioni ya namna hiyo nilicheza albamu ya Duma kwa spika ya simu. Mzee jirani aliyekuwa ameketi nasi barazani alisikiliza wimbo mmoja hadi mwisho, kisha akauliza mtu huyu anamlilia nani. Hakuuliza anasema nini. Mimi, niliyefunzwa kuhakiki kwa jozi ya fani na maudhui, nilikuwa nimefungua daftari ili niandike maneno ya wimbo, na ukurasa ulikuwa bado mweupe. Makala haya yametokana na tofauti ya maswali yetu mawili.

Aina ya muziki inayojadiliwa ilipata jina kutokana na *Black Metal*, albamu ya kundi la Uingereza la Venom ya mwaka 1982. Humu nitaiita metali nyeusi. Ilipata sura yake inayojulikana zaidi nchini Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1990: gitaa linalokwaruza kwa mapigo ya haraka yasiyokatika, ngoma za mbio, sauti ya kukoroma au kupiga ukelele, na rekodi zilizoachwa chafu kwa makusudi. Kundi la Darkthrone lilirekodi *Transilvanian Hunger* (1994) nyumbani kwa mashine ya njia nne tu. Uchomaji wa makanisa, kama lile la Fantoft mwezi Juni 1992, uliipa aina hii sifa mbaya ambayo bado inaifuata hata Afrika Mashariki. Duma si metali nyeusi tupu. Wamechanganya humo kelele za mashine na dansi ya kielektroniki. Hata hivyo, sauti na tabia ya kujificha wamezirithi huko.

2. Safari: Nairobi hadi Kampala

Martin Kanja, anayejulikana pia kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu walitoka katika makundi ya metali ya Nairobi, yakiwamo Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Kanja alishika sauti, Karugu gitaa na uzalishaji. Mwaka 2019 walikwenda Kampala wakarekodi katika studio ya Nyege Nyege, na mwezi Agosti 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ikatoa albamu iliyobeba jina la kundi. Baadaye Kanja ametoa *The Adept* (2024) kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu.

Msomaji wa Kiswahili atakwama kwanza kwenye majina. Duma kwetu ni mnyama mwenye mbio. Kwa Kigikuyu neno linaelekeza kwenye giza, na sokoni Nairobi nduma ni kiazi cha kuchemsha. Nyege Nyege ni shida zaidi: waandaaji wanalieleza kwa Kiganda kuwa ni hamu ya ghafla ya kucheza, ilhali kwa Kiswahili hatulitamki mbele ya wakwe. Nitarudi kwenye neno hili, kwani limegharimu watu zaidi ya aibu.

Safari yenyewe inapaswa kusomwa vizuri. Katika Bongo Fleva, msanii wa "andagraundi" ni yule ambaye hajatoka. Neno lina subira na huruma ndani yake, na matumaini ni kwamba siku moja redio itampokea. Katika metali nyeusi, kuwa chini ni makazi yaliyochaguliwa. Hivyo basi si sahihi kuisimulia hadithi ya Duma kama ya vijana waliokwama Nairobi wakaokolewa Kampala. Walihamia mahali ambapo mchanganyiko wao haukuhitaji kutetewa. Ni vyema washauri wa sera za "kuinua vipaji" wakaitambua tofauti hii, kwa kuwa mipango mingi ya aina hiyo humchukulia kila msanii asiyejulikana kuwa anaomba kujulikana.

3. Utunzi bila mpiga ngoma

Duma hawakuwa na mpiga ngoma. Mapigo yametengenezwa kwa mashine, na mara nyingi yanakwenda kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuihimili. Sababu za kisanaa zipo: pigo lisilochoka linaufanya uchovu wa sauti usikike zaidi. Katika "Angels and Abysses", wimbo unaofungua albamu, mashine haimsubiri Kanja. Yeye ndiye anayeifuata, anakatika pumzi, anaanza tena. Hapo ndipo penye uzuri wa kazi hii. Pia kuna sababu ya kawaida kabisa: seti ya ngoma ni ghali, ni nzito, na majirani huisikia. Studio iliyomo ndani ya kompyuta ya mkononi huvuka mpaka ndani ya begi.

Sehemu dhaifu ya albamu ni majina ya nyimbo. "Corners in Nihil" na "Sin Nature" yanasikika kama bidhaa za duka lilelile la maneno ambalo makundi ya Ulaya yamelichota kwa miaka thelathini. "Pembe 666" ni afadhali. Namba hiyo haikuhitaji kuagizwa kutoka Oslo. Kila aliyesoma Ufunuo sura ya 13 anaijua, na pembe za mnyama zimo katika sura hiyohiyo. Kijana wa Bujumbura anayetaka kujifunza gitaa la umeme mara nyingi hulikuta kwanza kanisani. Anayetunga metali nyeusi katika mazingira haya anabishana na nyumba iliyomfundisha kushika ala, na ubishi wa namna hiyo una uzito tofauti na ule wa Bergen.

4. Mnong'ono na ukelele

Tumrudie mzee wa Kinanira. Swali lake halikuwa la mtu asiyejua muziki. Burundi ina desturi ya kale ya inanga, zeze la ubao uliochongwa kama beseni refu, ambalo kamba moja hupitishwa juu yake huku na huku hadi ikawa nyuzi kadhaa. Katika namna yake mashuhuri mpigaji haimbi, hunong'ona. Mnong'ono hauna noti. Ni hewa tupu iliyochongwa na ulimi na midomo. Hata hivyo msikilizaji husikia kana kwamba sauti inaimba. Mtafiti Cornelia Fales, katika makala yake ya mwaka 2002 katika jarida la *Ethnomusicology*, ameeleza jinsi sikio linavyoiunganisha noti ya uzi na kelele ya mnong'ono hadi vikawa kitu kimoja, ingawa ukivitenganisha noti yote imo kwenye uzi.

Madai yangu ni kwamba ukelele wa metali nyeusi hufanya kazi kwa njia ya karibu sana na hiyo. Ukelele nao hauna noti ya kushikika. Ni msuguano wa koo, kelele iliyopewa umbo la irabu. Gitaa linalokwaruza bila kukatika ndilo hubeba noti, na msikilizaji huzivisha sauti noti hizo bila kujua. Sikiliza Duma mahali gitaa linaponyamaza na mashine ikabaki peke yake: Kanja anageuka ghafla kuwa mtu anayepiga kelele. Gitaa likirudi, anaimba tena, ingawa koo lake halijabadilika. Mmoja ananong'ona hadi watu wakaribie, mwingine anapiga ukelele hadi warudi nyuma, lakini wote wawili wameikabidhi ala kazi ya kuimba.

Zipo tofauti, na sitazificha. Mpiga inanga kwa kawaida anasimulia, na hadhira ya desturi huenda inakijua kisa tayari. Duma hawana kisa ambacho hadhira inakijua. Hapo ndipo swali la "anamlilia nani" linapouma: ukelele wao unatafuta hadhira ambayo inanga ilikuwa nayo tangu mwanzo.

Uhakiki wa Kiswahili umewahi kukaribia jambo hili. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji kwenye mwambao wa ziwa hilihili, alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi*, akikufanya kuimbika kuwa sharti la shairi. Mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi katika *Kichomi* (1974) yalizusha mabishano makali kwa kuwa yalilivunja sharti hilo. Pande zote mbili, hata hivyo, zilikubaliana kwamba maneno yatasikika. Tulibishana juu ya mizani na vina huku hakuna aliyeuliza itakuwaje mtunzi akiyazamisha maneno yenyewe. Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu kuhusu Duma leo atalazimishwa kuwa na sura ya "dhamira", na ataijaza kwa mashairi aliyoyapata katika maandishi, si kwa alichokisikia.

5. Vibali

Udhaifu huu wa wahakiki wanao pia wadhibiti. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alijaribu kulizuia tamasha la Nyege Nyege kabla serikali haijaliruhusu kwa masharti. Mwaka 2022 Bunge la Uganda lilifufua mgogoro huohuo. Mwezi Novemba 2018, Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, wimbo uliochezea jina la Nyegezi. Nchi mbili, mwaka mmoja, na takriban neno lilelile. Albamu yenye 666 imepita katikati yao bila kishindo, pengine kwa sababu neno lililozama halifungiki.

Burundi imechagua kudhibiti ala. Mwaka 2014 UNESCO iliorodhesha ngoma ya kifalme kuwa urithi wa binadamu. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 ikawakataza wanawake kuipiga, ikataka vikundi visajiliwe, ikadai idhini ya wizara kwa maonyesho nje ya sherehe rasmi, na malipo ya faranga 500,000 kwa kila tukio. Nia ya kuilinda ngoma isidhalilishwe naielewa. Lakini ngoma hiyo ilirekodiwa mwaka 1967 kwa ajili ya lebo ya Ocora ya Ufaransa; mwaka 1971 rekodi ikachanganywa na ala za kisasa na kuuzwa Ulaya kwa jina la *Burundi Black*; mwaka 1975 Joni Mitchell akaitumia; miaka ya 1980 na 1981 makundi ya London yakajenga mtindo mzima juu ya mapigo yake. Mtunzi wa London hahitaji idhini ya wizara. Anayeihitaji ni msichana wa Kinanira anayetaka kupiga ukelele juu ya mapigo ya nchi yake, na yeye hawezi kuipata kama anataka kupiga mwenyewe. Atafanya kama Karugu: atafungua kompyuta atengeneze mapigo ya mashine, ambayo amri haiyataji.

Duma waliichagua mashine wakapata nayo kazi nzuri. Kuchaguliwa mashine na sheria ni jambo lingine. Wizara inaweza kuanza kwa kutenganisha katika kanuni zake onyesho la sherehe na kazi ya kurekodi studio, na kuwaondolea watunzi wa kazi hii ya pili ada na katazo la jinsia. Inaweza pia kuomba nakala za rekodi za mwaka 1967 na kuziweka mahali ambapo kijana wa Bujumbura atazisikiliza bila kuzinunua kutoka Paris.