Mwenye Nyumba Alipocheka

Mara ya tatu kuujaribu mchezo wangu, mdogo wangu aliwatimua wapangaji watatu ndani ya dakika 20, akacheka mpaka akamwaga chai ubaoni. "Dada, huu mchezo mtamu!" Sikufurahi hata kidogo.

Nilikuwa nimeuchora kwenye manila: vyumba 24 vya kupanga kuanzia Manzese hadi Mbezi, dadu moja, vifuniko vya soda kama kete. Nilitaka mchezaji auonje uchungu wa kudaiwa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, uchungu niliouonja mwenyewe mwaka wa kwanza wa uzamili, nilipohama usiku na godoro juu ya bodaboda. Kumbe nilikuwa nimetengeneza mashine ya kuwafurahisha wenye nyumba.

Kosa hili lina historia. Mwaka 1904 Mmarekani Elizabeth Magie alipata hataza ya The Landlord's Game, mchezo aliouunda ili kueneza fikra za Henry George: kwamba mwenye ardhi hujilimbikizia thamani iliyozalishwa na jamii nzima. Aliuandikia kanuni za aina mbili. Katika moja, utajiri ukiongezeka wote hunufaika. Katika nyingine, mmoja huwafilisi wenzake. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilinunua hataza yake kwa dola 500, huku ikiuza Monopoly kwa jina la Charles Darrow. Dunia ikabaki na kanuni za kufilisiana.

Tumezoea kuisimulia habari hii kama kisa cha mwanamke aliyedhulumiwa, na dhuluma ilikuwepo. Lakini tukiishia hapo tunaukwepa mchezo wenyewe. Kwa nini nusu ile ndiyo iliyopendwa? Naona udhaifu ulikuwa ndani ya muundo. Mchezaji hacheza nia ya mtunzi. Hucheza kile kinachompa ushindi. Magie alitegemea kwamba anayefilisika atajifunza. Lakini anayefilisika hutoka mchezoni, akaenda kutazama simu. Anayebaki mezani hadi mwisho, akihesabu noti, ni mwenye nyumba. Somo limeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye ameshaondoka.

Bao la Kiswahili linanisaidia kuliona hili. Kete 64, mashimo 32, na kila mchezaji huanza na nyumba moja tu. Kete ukiziteka huziweki mfukoni. Unazipanda upande wako, na kesho yake, yaani zamu ijayo, mwenzio anaweza kuzirudisha kwake. Bao halihubiri haki, tena mafundi wake hawana huruma. Ila mali haitoki ubaoni, na aliyepigwa bado yuko mchezoni mpaka dakika ya mwisho.

Kwa hiyo katika jaribio la nne nilifuta kanuni ya kutimuliwa. Badala yake, kila baada ya raundi tatu wachezaji wanahama viti: mwenye nyumba anakuwa mpangaji, tena chini ya kodi aliyoipanga mwenyewe. Mdogo wangu, aliyekuwa amepandisha kodi ya Sinza mara mbili, akahamia Sinza. Akahesabu vifuniko vyake, akahesabu tena. Hakucheka. Rafiki yangu mmoja alilalamika kwamba mchezo umepoa, na siwezi kumbishia: umepoa kweli. Nusu ya utamu ulikuwa katika kumwona mwenzako akianguka, na mimi nimeuondoa bila kupata wa kuweka mahali pake. Mchezo usiochezwa haumfundishi mtu chochote. Hilo pia Magie angeweza kuniambia.

Bado sijaurudisha utimuaji. Tulipokuwa tunakunja manila, mdogo wangu aliuliza swali moja tu: "Dada, zamu yangu ya kurudi kuwa mwenye nyumba ingekuwa lini?"

Nikamwambia raundi tatu. Akasema kodi ya Sinza angeishusha. Kidogo.